Kengele ya Urbano

Kuku wa tatu alikutwa amekufa alfajiri, wakati Damari akiwahamisha kutoka bandani kwenda kwenye matenga. Alimshika miguu, akamtazama macho, akamtupa nyuma ya jiko. Peniel, mumewe, alikuwa amechuchumaa kwenye baiskeli akikaza mipira ya kufungia mzigo. Hakuhitaji kuambiwa. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ulikuwa umeshaingia bandani kwake, na kila mfugaji wa Iramba alijua kinachofuata.

"Waliobaki wakoje?" aliuliza.

"Wanasinzia. Yule mtetea mwekundu anaharisha kijani. Mpaka Ijumaa hutakuwa na kuku, utakuwa na manyoya."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, siku ya lori. Hii ilikuwa miaka ile ya ruksa, ushirika umeshachoka kununua chochote, na kila mwenye baiskeli amegeuka mfanyabiashara. Mnunuzi mmoja wa Dar alikuwa akisimamisha lori lake chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu, Jumanne na Ijumaa, mpaka saa tatu asubuhi. Ikigonga saa tatu anaondoka, hata akuone unakuja mbio umevua viatu. Peniel na Damari walikuwa wamemuuza maksai wao mmoja ili kununua ile baiskeli, Phoenix ya Mchina, na tangu hapo chumvi, daftari za watoto, na hata sadaka ya Jumapili vilitoka kwenye matenga mawili ya kuku.

"Ukifika pale juu," alisema Damari, akifunga kifuniko cha tenga, "usianze mambo yenu ya kengele. Ukiitikiwa utakaa pale mpaka jua liwe utosini."

"Ni sheria ya njia, mama Eliana."

"Sheria inakula kuku wagonjwa?"

Peniel alishika usukani, akaondoka. Tangu siku ile amejiuliza mara nyingi kama angekumbuka maneno hayo iwapo mambo yangeishia vizuri. Lakini kumtwisha mke lawama ni kazi rahisi, na Peniel, pamoja na udhaifu wake wote, hakuwahi kuthubutu kuifanya hadharani.

Njia ya mkato ya Sekenke ilitumiwa na watu wa aina mbili. Walikuwepo wanaoshuka na kuku na mafuta ya alizeti, na walikuwepo wanaopanda na chumvi, mchele na samaki wakavu kutoka bondeni. Katikati palikuwa na sehemu nyembamba waliyoiita Shingo, hatua mia mbili hivi, upande mmoja jabali na upande wa pili korongo la mawe. Baiskeli mbili zenye mizigo hazipishani hapo. Kwa hiyo waendesha baiskeli walijiwekea adabu yao, bila karani wala muhuri. Anayeshuka husimama juu, hufunga tawi nyuma ya baiskeli limsaidie breki, kisha hupiga kengele mara tatu na kupaza sauti: "Nashuka!" Kama kuna mtu anapanda, humjibu: "Mtu yupo!" Hapo wa juu hungoja. Wala hangoji amekunja mikono. Huacha baiskeli yake, hushuka kwa miguu, huweka mabega kwenye mzigo wa mwenzake na kumsukumia mpaka atoke Shingoni. Anayepanda hawezi kusimama, maana akisimama mzigo unamrudisha nyuma.

Ilikuwa adabu nzuri, na kila mtu aliisifu siku ambayo hana haraka.

Peniel alifika juu jua limeshapanda. Alifunga tawi harakaharaka. Ndani ya matenga hakukuwa na kelele ya kawaida, na ukimya huo ulimtia hofu kuliko kelele. Akaweka kidole gumba kwenye kengele. Akawaza: nikipiga, nikajibiwa, nitalazimika kungoja na kusukuma. Akija na wa pili nyuma yake, na wa tatu, lori limekwenda. Lakini nisipopiga, hakuna atakayejibu, na asipojibu mtu maana yake njia ni nyeupe. Hesabu hiyo ilimwingia akilini kwa urahisi wa kuaibisha. Akaondoa kidole, akashuka.

Alikuwa amefika katikati ya Shingo, tawi likikwaruza mawe nyuma yake, aliposikia sauti kutoka kwenye kona ya mbele:

"Mtu yupo! Mtu yupo!"

Alibana breki zote mbili. Baiskeli iliteleza, tawi likaruka, na mara akamwona Mzee Urbano, kifua kimeegemea tandiko, magunia mawili ya chumvi nyuma, anamtazama. Hakukuwa na muda wa kusema kitu. Mzee aliitupa baiskeli yake upande wa korongo na kuifuata mwenyewe. Peniel akapita mahali ambapo mwenzake alikuwa amesimama, akapita kabisa, akasimama hatua thelathini chini, nyuma ya kona.

"Mzee!" aliita. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mzee Urbano!"

"Nipo." Jibu lilikuja papo hapo. "Ni mguu. Ni wewe, Peniel?"

"Ni mimi, mzee. Nakuja."

"Usije. Peke yako hutaniweza. Nenda, lori litakuacha. Waambie walioko chini waje na kitu cha kunibebea."

Urbano ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa yao. Ndiye aliyemfundisha Peniel kufunga tawi, na siku ile alipomfundisha kengele alimwambia aipige kama anayemwita mtu wa kwao. Sasa alikuwa korongoni na mguu umevunjika, bado anamhurumia mtu anayewahi lori. Peniel alisimama pale kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu, lakini hakusali. Akaenda.

Na lori lenyewe lilimfaa nini? Aliwaambia wenzake, wakapanda mbio na kitanda cha kamba. Yeye akafungua matenga. Mnunuzi, mtu mnene mwenye taulo shingoni, aliingiza mkono, akatoa kuku wawili waliokwisha kufa njiani na kuwabwaga miguuni pake mbele ya watu wote.

"Unaniuzia mizoga, bwana mkubwa?"

"Ni joto, mzee."

"Joto saa mbili asubuhi? Hawa waliobaki nawachukua nusu bei, tena kwa kukuonea huruma. Ukinigeuka nakuacha nao."

Peniel alipokea. Wachuuzi waliokuwa karibu walijifanya wanatazama magurudumu ya lori.

Aliporudi juu alikuta Urbano ameshapelekwa hospitali. Philipo, mwenyekiti wa waendesha baiskeli, mtu mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa amesimama na wenzake kumi hivi wakikusanya chumvi iliyobaki safi.

"Peniel," alisema Philipo. "Ulipiga kengele?"

Watu waligeuka. Mikononi mwao mlikuwa na chumvi ya mtu mwingine, wakiipuliza mchanga.

"Tatu," alisema Peniel.

Neno moja tu.

"Ukaita?"

"Niliita. Kimya."

Philipo alitikisa kichwa polepole. "Basi mzee masikio yamekwenda," alisema, na kwa sauti yake ilionekana jambo hilo linamuuma.

*

Zilipita wiki tatu. Urbano alirudi nyumbani na plasta ngumu ya hospitali mpaka gotini, na Jumapili moja baada ya ibada Philipo akambeba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli mpaka juu ya Shingo, wenzao wakiwa wamekusanyika. Kikao kilikuwa cha lazima. Anayeshuka bila kupiga kengele huondolewa njiani mpaka mvua zije, na humlimia aliyeumia shamba lake. Lakini kama alipiga, na anayepanda hakujibu, kosa ni la anayepanda. Na kama hakujibu kwa sababu hasikii, hawezi kuruhusiwa tena. Kiziwi Shingoni ni hatari kwake na kwa wengine.

"Shikamoo, mzee," walisema wote kwa pamoja. Walisema kwa nguvu, kila mmoja akifungua mdomo wazi.

"Marahaba. Mbona mnanipigia kelele?"

Wengine walitazamana. Peniel alitazama plasta. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu ya wino, "Pole babu".

"Mzee wetu," alisema Philipo, "Peniel anasema alipiga tatu na akaita. Wewe unasemaje?"

Urbano aliuweka sawa mguu wake. "Mimi sikusikia kengele," alisema. "Kama Peniel amesema alipiga, basi alipiga. Yule ni mwanangu, nimemsimamia ndoa. Labda ni mimi."

Angesema tu, "Mwongo huyu!" Peniel angeweza kukasirika, na hasira ingemsaidia. Aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Innocent, mchuuzi wa mafuta, ndiye aliyetoa wazo la kumpima. Hakuwa na nia mbaya. Walimgeuza mzee akaangalia jabali, wakamwambia anyooshe mkono kila akisikia kengele. Philipo akashuka na baiskeli hatua nyingi, akapiga. Upepo wa mchana wa Sekenke ulikuwa ukivuma kuelekea bondeni, ukiuchukua na mlio. Urbano hakunyoosha mkono. Philipo akapiga tena. Upepo ukazidi, mkono haukuinuka. Kisha, Philipo akiwa bado anasogea karibu kidogo, kabla hajagusa kengele, Urbano akanyoosha mkono juu sana, kama mwanafunzi mwenye hamu ya kuchaguliwa.

Watu wakacheka. Hawakucheka sana, wala hawakutaka kucheka, kicheko kiliwatoka tu. Urbano aligeuza kichwa na kuwatazama, mkono ungali juu, akaelewa, akaushusha taratibu na kuuweka juu ya plasta.

"Basi," alisema. "Nimeona."

Peniel alikuwepo. Alisimama miongoni mwa waliocheka, na jambo ambalo hajalisahau mpaka leo ni kwamba mdomo wake nao ulicheka.

*

Felista, mke wa Urbano, alikuja kwa Damari siku ya Jumatatu na kichupa tupu cha dawa ya kikohozi. Walikuwa wanaimba sauti moja kwenye kwaya, na Felista ndiye aliyemfunga Damari kitambaa kichwani siku ya harusi. Alikataa kiti, akakaa kwenye kizingiti.

"Nina shida ndogo, mwanangu. Una mafuta ya alizeti, yale ya kukamua wenyewe? Nimeambiwa nikiyapasha moto kidogo nikamdondoshea masikioni, nta italegea."

"Mzee anasumbuliwa sana?" Damari aliuliza, kana kwamba hajui kengele haikupigwa.

"Ndani ya nyumba ananisikia vizuri. Hilo ndilo linalonishangaza. Nikinong'ona na majirani ananijibu kutoka chumbani. Lakini watu wote wanasema hasikii, na sasa mimi nimeanza kumpigia kelele. Jana kanisani mzee wa kanisa alimwonyesha kwa vidole ukurasa wa tenzi. Kwa vidole, Damari! Alirudi nyumbani hakula." Alipangusa kichupa kwa pindo la khanga. "Baiskeli anataka kuiuza. Anasema chuma kinachokaa bure kinaota kutu."

Damari aliingia ndani kuleta mafuta. Akayamwaga kwanza nje ya kichupa, yakachuruzika vidoleni. Alikijaza mpaka juu. Felista alipotoa sarafu, Damari aliirudisha kwa haraka mno, karibu kumsukuma.

"Hapana mama. Hapana. Nenda nayo tu."

Jioni, watoto wakiwa wanakoga, alimweleza mumewe kila kitu, kwa Kinyiramba, lugha waliyoitumia wakiwa hawataki hata ukuta usikie.

"Leo nimempa mama wa watu mafuta atie kwenye masikio mazima," alimaliza. "Kaseme, Peniel."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisipige."

Basi alikuwa amethubutu, japo ni chumbani. Damari alimgeukia.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekwambia. Kaseme na hilo pia."

"Wataniondoa njiani mpaka mvua. Maksai hatuna. Tutakula nini, Phoenix?"

"Kwani sasa unakula? Wiki tatu sasa unaacha ugali kwenye sahani."

*

Jumatano Peniel alikwenda kwa Urbano. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, akiyapanga yanapendeza, akikaribia yanatawanyika. Kabla hajashuka baiskelini, kabla hajapiga hodi, sauti ikamfikia kutoka ndani:

"Karibu, Peniel. Mnyororo wako umelegea. Nimekusikia tangu kwenye shamba la kanisa."

Alisimama uani na baiskeli mkononi. Shamba la kanisa lilikuwa mbali, nyuma ya nyumba tatu. Iliyokuwa karibu ni baiskeli ya mzee, ile Swala, imeegemezwa ukutani, matairi yamepwaya, usukani hauna kengele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Urbano alikuwa juu ya kitanda cha kamba, mguu umenyooshwa, masikio yanang'aa kwa mafuta. Walizungumza habari za mahindi, habari za mdondo uliomaliza mabanda. Kisha mzee akasema, bila kubadili sauti:

"Siku ile nilisikia tawi lako. Nililisikia likikwaruza, ndiyo maana nikapiga kelele. Ulipokuwa chini ya kona ukaniita, nilikusikia. Sauti yako ilikuwa ndogo, lakini nilikusikia. Nimelala hapa siku nyingi najiuliza, mtu anawezaje kusikia tawi, akakosa kengele tatu?"

Peniel alifungua mdomo. Yale maneno yote yalikuwa pale kinywani, yamejaa. Nje kuku wa Felista alikuwa akiita vifaranga.

"Sikuulizi," alisema Urbano. "Ningetaka kukuuliza, ningekuuliza siku ile ya kikao. Nilidhani utajisemea mwenyewe. Nikanyoosha mkono mpaka nikachekwa, nikijua utasema sasa hivi." Aliingiza mkono chini ya mto, akatoa kengele ya baiskeli, kubwa, ya zamani, chuma chake kimesuguliwa mpaka kinameta. "Chukua. Mimi njia nimenyimwa. Huenda yako haitoi sauti."

"Mzee, siwezi..."

"Chukua, mwanangu. Nimechoka, nataka kulala."

Akageukia ukutani. Peniel alitoka na kengele kiganjani, roho inamsuta. Angeweza kurudi ndani. Mlango ulikuwa wazi. Alijiambia kwamba jambo la kikao husemwa mbele ya kikao, na kwamba Ijumaa watu wote watakuwepo juu ya Shingo. Ilikuwa sababu nzuri, na mwoga hakosi sababu nzuri.

*

Ijumaa matenga yake yalikuwa na kuku sita tu, walionusurika. Hakuwa na haraka ya lori. Alikuta wenzake saba juu ya Shingo wakifunga matawi, Philipo akiwa wa kwanza kwenye foleni. Kengele ya Urbano ilikuwa imefungwa kwenye usukani wa Phoenix, na hakuna aliyeiulizia, ingawa Innocent aliitazama mara mbili.

"Piga basi, wewe mwenye kengele mpya," alisema Philipo.

Peniel akapiga tatu. Mlio wake ulikuwa mzito, ukapita juu ya upepo, ukagonga jabali na kushuka mpaka bondeni. "Nashuka!" akaita.

"Mtu yupo!" likajibu korongo.

Ikawa zamu yake kusukuma. Aliacha baiskeli, akateremka mbio, akaweka bega kwenye gunia la samaki wakavu bila hata kumtazama mwenye mzigo. Walisukuma kimya, wakihema, hatua kwa hatua. Walipopita kona ya mwisho ndipo alipoinua macho na kuona alichokuwa akikisukuma. Ile Swala. Tandiko lile lile lililoshonwa na Felista kwa ngozi ya mbuzi, kiraka kile kile kwenye fremu, na usukanini kengele mpya ya plastiki.

"Asante sana, ndugu," alisema mwenye mzigo walipofika juu. Alikuwa mchuuzi wa makamo kutoka bondeni, aitwaye Christopher, mcheshi, anajifuta jasho. "Chuma hiki bwana! Nimekipata jana kwa mzee mmoja huko juu, kiziwi, masikini. Nimekipata kwa bei ya kutupa. Nilitaja bei ya kuanzia tu, ili tubishane, akaitikia. Nikadhani hajanisikia, nikarudia. Akaitikia tena."

Innocent alipitisha mkono juu ya tandiko. "Hii ni ya Mzee Urbano," alisema.

"Ndiyo, huyo huyo."

"Si kiziwi," alisema Peniel.

Upepo ulikuwa umeanza. Philipo, aliyekuwa upande wa pili wa baiskeli, aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Sikupiga kengele."

"Eh?"

"Siku ile. Sikupiga."

Philipo aliweka mkono nyuma ya sikio. "Ongea kwa sauti, bwana! Upepo huu, nani atakusikia?"

Peniel aliwatazama wote wanane, na ile Swala, na mzigo wake mwenyewe wa kuku sita. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote, sauti ile ya kutangazia mzigo, sauti ambayo alipaswa kuitoa Jumanne ile:

"Sikupiga kengele! Mzee Urbano anasikia! Sikupiga!"

Sauti ilishuka na upepo, ikaingia Shingoni, ikapita kona, ikafika bondeni. Na kutoka huko chini mtu asiyejua lolote, anayepanda na mzigo wake, akadhani ameitwa, akajibu:

"Mtu yupo!"